Moyo wenye pampu moja: Damu ya mtoto hufikaje kwenye mapafu?

Maji yanayotoka bombani katika nyumba nyingi za Kampala huanza safari yake Ggaba, kando ya Ziwa Victoria. Pampu za Ggaba huyasukuma hadi kwenye matangi yaliyojengwa juu ya vilima, likiwemo lile la Muyenga, na kutoka huko hushuka kwa uzito wake yenyewe hadi mitaani. Mlangoni mwa kila nyumba hakuna pampu ya pili. Bomba la mtaa likiwa pana na lisilo na vipindo vya ghafla, maji hufika kwa wingi. Likiwa jembamba au limejikunja, nyumba ya mwisho huambulia matone.

Mfano huo unaeleza vizuri upasuaji mmoja wa moyo ambao wazazi wengi hawajawahi kuusikia hadi siku wanapoambiwa kwamba mtoto wao anauhitaji. Ni upasuaji wa watoto waliozaliwa na moyo wenye chumba kimoja tu chenye uwezo wa kusukuma damu. Matibabu yao yanapokamilika, damu huzungushwa mwilini na pampu hiyo moja, kisha hupita kwenye mapafu bila kusukumwa na kitu kingine isipokuwa shinikizo dogo lililosalia ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni. Chochote kinachoipunguzia damu nguvu njiani, hata kovu linaloziba milimita mbili za mshipa, hulipwa na mtoto mwenyewe: kwa pumzi, kwa ini, na kwa miaka ya kuishi.

Kwa zaidi ya miongo mitatu wahandisi na madaktari wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakitafuta umbo la mshono litakalopoteza nguvu kidogo zaidi. Kwa mtoto anayeletwa katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyo katika eneo la hospitali ya Mulago, swali hilo lina uzito, lakini lipo jingine linalolitangulia: je, mapafu yake bado yanaweza kupitisha damu isiyosukumwa?

Pampu mbili, na inapobaki moja

Moyo wa kawaida una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Chumba cha chini cha kulia huipeleka kwenye mapafu kwa shinikizo la wastani la milimita 15 hivi za zebaki. Cha kushoto huipeleka mwili mzima kwa shinikizo kubwa zaidi mara kadhaa. Pampu hizo mbili hufuatana kwenye mzunguko mmoja: damu huvuta hewa ya oksijeni mapafuni, hupelekwa mwilini, hurudi ikiwa imechoka, na kuanza upya.

Takriban watoto 8 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai duniani huwa na kasoro fulani ya moyo. Nyingi ni ndogo kiasi, kama tundu kati ya vyumba, na baadhi huziba zenyewe. Wenye pampu moja ni sehemu ndogo ya watoto hao, lakini ndio miongoni mwa wagonjwa wagumu zaidi kutibu. Wapo ambao vali ya upande wa kulia haikuumbika kabisa, hivyo chumba kilicho nyuma yake kikadumaa. Wapo ambao upande wa kushoto ndio uliodumaa. Wapo pia ambao vyumba vyote viwili vya juu humwaga damu katika chumba kimoja cha chini. Majina ni mengi, matokeo ni mamoja: damu safi na damu iliyochoka huchanganyika, na pampu moja hulazimika kuhudumia mapafu na mwili kwa wakati mmoja.

Hakuna upasuaji unaoweza kuumba chumba kilichokosekana. Kinachowezekana ni kuyapanga upya mabomba.

Kutoka Baltimore hadi Bordeaux

Hatua ya kwanza ya mpango huo ni ya zamani kuliko mashine ya kuusimamisha moyo wakati wa upasuaji. Novemba 29, 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, daktari mpasuaji Alfred Blalock aliunganisha mshipa unaokwenda mkononi na mshipa wa mapafu ya mtoto aliyekuwa wa samawati kwa kukosa oksijeni. Wazo lilitoka kwa daktari wa moyo wa watoto Helen Taussig. Ufundi wenyewe uliandaliwa maabara na Vivien Thomas, fundi Mmarekani mweusi asiye na shahada ya udaktari, ambaye jina lake lilichelewa kwa miongo kutajwa pamoja na ya wengine wawili. Tangu hapo njia hiyo ya mkato, ambayo leo hutengenezwa kwa mrija mwembamba wa plastiki, imewapa pumzi watoto wasiohesabika.

Ila njia hiyo huigharimu pampu. Damu inayokwenda mapafuni hurudi moyoni na kusukumwa tena, hivyo chumba kimoja hufanya kazi ya viwili. Mwaka 1958 William Glenn wa Chuo Kikuu cha Yale aliripoti njia tofauti: mshipa mkuu wa juu, unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi, alikuwa ameung'oa moyoni na kuushona moja kwa moja kwenye mshipa wa pafu la kulia. Damu iliyochoka ikaenda kwenye pafu bila kupitia moyo kabisa.

Miaka 10 baadaye, mjini Bordeaux, Francis Fontan aliikamilisha hoja hiyo kwa kuielekeza pia damu ya mshipa mkuu wa chini kwenye mapafu. Alianza kufanya upasuaji huo mwaka 1968 na kuchapisha matokeo mwaka 1971, mwaka ambao Guillermo Kreutzer wa Buenos Aires alifanya upasuaji unaofanana na huo bila kutegemea kazi ya Mfaransa huyo. Fontan aliamini kwamba chumba cha juu cha kulia, kikiwekewa vali, kingegeuka kuwa pampu ndogo ya mapafu. Katika hilo alikosea, na kosa hilo ndilo lililofungua mlango wa utafiti wote kuhusu ufanisi wa mtiririko.

Siku hizi kazi hufanywa kwa hatua. Mtoto mchanga hufanyiwa upasuaji wa kuweka sawa kiasi cha damu inayokwenda mapafuni: kikiwa kidogo huongezewa mrija, kikizidi mshipa wa mapafu hukazwa kwa utepe. Akiwa na umri wa miezi minne hadi sita hivi, hufanyiwa ule upasuaji wa mshipa wa juu unaobeba jina la Glenn. Kati ya miaka miwili na mitano, kwa kawaida, huunganishwa mshipa wa chini, na huo ndio unaoitwa Fontan. Taarifa ya kitaalamu ya Chama cha Moyo cha Marekani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu kati ya 50,000 na 70,000 duniani wanaishi na mzunguko wa aina hiyo.

Nguvu hupotelea wapi

Mwaka 1988 Marc de Leval na wenzake wa hospitali ya Great Ormond Street, London, waliupima mfumo wa Fontan kwa vielelezo vya maabara. Walionyesha kwamba chumba cha juu kinachodundadunda katikati ya njia hakisaidii damu kwenda mbele. Huizungusha, na nguvu ikaishia katika mizunguko hiyo. Ni kama kujenga bwawa dogo katikati ya mfereji na kutarajia maji yatoke na kasi zaidi. Pendekezo lao lilikuwa kuuacha mshipa wa juu uingie moja kwa moja kwenye mshipa wa mapafu, na ule wa chini ufike hapo kupitia mfereji laini. Wapasuaji wengi walilikubali. Mwaka 1990 Carlo Marcelletti na wenzake wa Roma waliripoti kuupitisha mfereji huo nje ya moyo, kwa mrija wa bandia, na njia hiyo sasa imeenea.

Likabaki suala la makutano. Mishipa miwili inayoelekeana uso kwa uso, mmoja ukishuka na mwingine ukipanda, damu zake hugongana. Mwaka 1996 kundi la de Leval, likishirikiana na wahandisi wa Italia, lilitumia kompyuta kukokotoa mwendo wa damu na kuonyesha kwamba kuihamisha kidogo mishipa hiyo ili isitazamane hupunguza upotevu. Hata hivyo, kuihamisha kupita kiasi kuna adhabu yake. Damu inayopanda kutoka chini hubeba vitu vinavyotoka kwenye ini, na pafu linalokosa vitu hivyo huota njia za mkato kati ya mishipa yake ambazo damu hupitia bila kuchukua oksijeni. Kwa hiyo mpasuaji hatafuti tu njia isiyopoteza nguvu. Anatafuta pia njia itakayogawa damu ya ini kwa mapafu yote mawili. Wahandisi wa Marekani waliwahi kupendekeza mrija wenye matawi mawili, mfano wa panda ya manati. Kwenye kompyuta ulipendeza. Kwa wagonjwa haukuwa bora kuliko mrija wa kawaida katika kila hali, kwa sababu kila tawi ni jembamba kuliko shina.

Wembamba ndio adui mkubwa hapa. Katika mrija ulionyooka, ukinzani hupanda kwa kipeo cha nne kadiri kipenyo kinavyopungua: kipenyo kikipungua nusu, ukinzani huwa mara 16. Vipimo vya wagonjwa vimeonyesha kwamba wembamba wa mshipa wa mapafu wenyewe mara nyingi hupoteza nguvu zaidi kuliko umbo la makutano. Mshipa huo huweza kusinyaa mahali uliposhonewa ule mrija wa utotoni, au mahali ulipokazwa kwa utepe. Mpasuaji anayeupanua kwa kiraka wakati wa upasuaji wa pili au wa tatu huenda akamfaa mgonjwa kuliko aliyetumia wiki nzima akichora pembe za mshono.

Mtoto akiwa ametulia, nguvu inayopotea ni ndogo, miliwati chache tu. Lakini mtiririko ukiongezeka, upotevu hauongezeki kwa kiwango hicho hicho. Hukaribia kupanda kwa kipeo cha tatu. Damu inayokwenda mara mbili zaidi wakati mtoto anakimbiza mpira inaweza kupoteza nguvu hadi karibu mara nane. Ndiyo maana watoto wengi wa Fontan huonekana wazima darasani na kushindwa uwanjani.

Mtoto wa samawati na mtoto wa waridi

Yote hayo huchukulia kwamba mtoto amefika mapema, na mapafu yake ni laini. Nchini Uganda, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, watoto wengi hufika wakiwa wamechelewa, na hapo hesabu hugeuka.

Kuna watoto wa aina mbili. Wa kwanza ana njia nyembamba ya kwenda mapafuni. Midomo na kucha zake huwa za samawati, hasa kwa watoto weusi ulimi na fizi ndivyo vinavyoonyesha wazi. Huchuchumaa baada ya kucheza ili apate pumzi. Mama yake hujua mapema kwamba kuna tatizo. Wa pili hana kizuizi chochote. Damu humwagika mapafuni kwa wingi na kwa shinikizo kubwa. Huyu hana usamawati wa kutisha. Hutoka jasho wakati wa kunyonya, hapati uzito, hupumua haraka, na kila baada ya wiki chache hurudishwa kliniki kwa kile kinachodhaniwa kuwa nimonia.

Kwa macho ya mzazi, mtoto wa pili ndiye mwenye nafuu. Kwa mtazamo wa upasuaji wa Fontan, ndiye anayepoteza nafasi haraka zaidi. Mishipa midogo ya mapafu yanayopigwa na damu nyingi hujilinda kwa kuongeza unene wa kuta zake, na baada ya muda unene huo haurudi nyuma. Mapafu yakishakuwa hivyo, hakuna mshono utakaoyasaidia. Damu isiyo na pampu haiwezi kupenya. Kwa upande mwingine, mtoto wa samawati anayeletwa akiwa na miaka saba huenda bado akafaa, kwa kuwa wembamba ule ule uliomnyima oksijeni uliyakinga mapafu yake dhidi ya shinikizo. Ni jambo linalowashangaza hata baadhi ya wahudumu wa afya, na lingestahili kurudiwa katika kila mafunzo ya wakunga.

Madaktari hawakisii. Huingiza katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, na kupima. Chukua mfano: shinikizo la wastani kwenye mshipa wa mapafu ni 12, kwenye chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni ni 6, na mtiririko ni lita 3 kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya mwili. Tofauti ya 6 ikigawanywa kwa 3, ukinzani wa mapafu ni vipimo 2. Mtoto huyo anafaa. Shinikizo la mapafu likiwa 18 na mengine yakibaki yalivyo, ukinzani ni 4, na hapo ndipo ulipowekwa mpaka katika masharti maarufu ambayo Fontan na wenzake waliyatoa mwishoni mwa miaka ya 1970: shinikizo la wastani lisizidi 15, ukinzani uwe chini ya 4, mgonjwa awe na umri kati ya miaka minne na 15. Sharti la umri limelegezwa tangu wakati huo. Yale mawili ya mapafu yamezidi kukazwa, na vituo vingi hupendelea ukinzani ulio chini ya 3.

Kuchelewa humdhuru pia mtoto wa samawati, ingawa kwa njia nyingine. Mwili wake hujaza chembechembe nyekundu ili kubeba oksijeni zaidi, damu ikawa nzito, na damu nzito hupita kwa shida, huganda upesi, na huweza kuleta kiharusi. Halafu kuna suala la mgawanyo wa damu. Kwa mtoto wa miaka miwili hivi, karibu nusu ya damu yote hurudi moyoni kupitia mshipa wa juu, kwa sababu kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Miguu ikirefuka, sehemu hiyo hushuka hadi kufikia theluthi moja hivi anapokuwa na miaka sita au saba. Kwa hiyo upasuaji wa Glenn, ambao kwa mchanga hupeleka nusu ya damu mapafuni, kwa mtoto wa shule hupeleka theluthi tu. Ni upasuaji ule ule na mshono ule ule, lakini faida imepungua.

Kampala yenyewe

Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianza mwaka 1988 ikiwa kitengo ndani ya Mulago. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza huko mwaka 2007, mwanzoni kwa msaada mkubwa wa timu za wageni, wakiwemo madaktari wa hospitali ya watoto ya Children's National ya Washington. Mwaka 2012 ulizinduliwa ukumbi wa katheta, na mwaka 2016 sheria ya Bunge iliipa taasisi hiyo mamlaka yake kamili. Umuhimu wa ukumbi wa katheta kwa watoto wa pampu moja ni dhahiri kutokana na hesabu iliyotajwa hapo juu: pasipo kupima shinikizo la mapafu, kuchagua nani apasuliwe ni kubahatisha.

Kwa miaka mingi familia zilizokuwa na uwezo, au zilizopata wafadhili, ziliwapeleka watoto wenye kasoro ngumu India na kwingineko. Safari moja humfaa mtoto mwenye tundu moyoni: hushonwa, hurudi, husahau. Mtoto wa pampu moja anahitaji upasuaji mara mbili au tatu katika miaka yake ya mwanzo, na uchunguzi maisha yake yote. Mfadhili anayelipia hatua ya kwanza bila mpango wa zile zinazofuata humwacha mtoto njia panda. Kwa sababu hiyo, uwezo wa ndani ya kanda, uwe Kampala, Nairobi au katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, una maana tofauti kabisa kwa kundi hili.

Miinuko nayo haipaswi kusahaulika. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Kabale iko karibu mita 2,000. Mishipa ya mapafu hujibana inapokosa oksijeni, na kujibana huko, hata kukiwa kudogo, ni mzigo kwa mzunguko usio na pampu. Kampala si mahali pa kuukataza upasuaji huu. Ni mahali ambapo mtoto aliye mpakani mwa masharti ana akiba ndogo zaidi.

Uzito ni kikwazo kingine. Mrija wa Fontan haukui pamoja na mtoto, kwa hiyo wapasuaji hungoja hadi kifua kiweze kupokea wenye kipenyo cha milimita 18 hadi 20, utakaomtosha hata akiwa mtu mzima. Mara nyingi hiyo humaanisha uzito wa kilo 12 hadi 15 angalau. Mtoto mgonjwa wa moyo hukua polepole, na pale ambapo chakula ni shida hukua polepole zaidi.

Baada ya upasuaji, hata mashine ya kupumulia huwa sehemu ya hesabu. Mtu anapovuta pumzi mwenyewe, kifua huvuta damu kuelekea mapafuni. Mashine hufanya kinyume, husukuma hewa kwa shinikizo na kuizuia damu. Hivyo mtoto wa Glenn au Fontan huondolewa kwenye mashine mapema kadiri inavyowezekana. Katika hospitali ambayo vitanda vya wagonjwa mahututi ni vichache, na ambayo vijana wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi hungojea vitanda hivyo hivyo, hii ni moja ya nafasi adimu ambapo masilahi ya mgonjwa na ya wodi ni yale yale.

Ugonjwa uliotambuliwa Mulago

Uhusiano wa Kampala na damu inayoukwepa upande wa kulia wa moyo una historia nyingine pia. Mwaka 1948 mwanapatholojia J.N.P. Davies, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza ugonjwa ambao kovu nene huujaza moyo kutoka ndani. Unapoushambulia upande wa kulia, chumba cha kusukuma hufinywa hadi kikabaki kama mfuko uliofumbwa, huku kile cha juu kikivimba kupita kiasi. Mgonjwa alizaliwa na pampu mbili, amebakiwa na moja. Wapasuaji nchini India wameripoti kutumia upasuaji wa Glenn kwa baadhi ya wagonjwa wa aina hiyo, wakiipitisha damu ya juu moja kwa moja hadi mapafuni ili kukipunguzia mzigo chumba kilichoharibika. Masharti hayabadiliki: mapafu yawe yanapitisha.

Kuishi na shinikizo lililopanda

Mafanikio ya upasuaji wa Fontan si uponyaji. Ili damu ipite mapafuni, shinikizo katika mishipa inayorudisha damu hulazimika kukaa kati ya 10 na 15 hivi, wakati kwa mtu wa kawaida huwa 5 au chini ya hapo. Viungo vilivyo nyuma ya mishipa hiyo huvumilia kwa miaka. Ini ndilo huanza kulalamika, likipata makovu polepole. Kwa baadhi ya wagonjwa utumbo huvujisha protini na mwili ukavimba. Rekodi za wagonjwa wa Australia na New Zealand zinaonyesha kwamba wengi waliofanyiwa upasuaji kwa njia za kisasa wanafika utu uzima, lakini kwa uangalizi.

Uangalizi huo Uganda una mambo yake. Mzunguko unaotegemea shinikizo la mishipa ya kurudishia damu hauvumilii upungufu wa maji mwilini: kuhara kwa siku mbili, au malaria yenye homa na kutapika, hupunguza damu inayofika mapafuni, na moyo ukakosa cha kusukuma. Mhudumu wa zahanati anayemkuta mtoto wa namna hiyo akiwa na miguu iliyovimba anaweza kumpa dawa za kukojoza maji na kumzidishia hatari. Wagonjwa wengi hutumia pia dawa ya kuzuia damu kuganda, aspirini au wafarini. Wafarini huhitaji kipimo cha damu mara kwa mara, na anayeishi Arua hawezi kuja Kampala kila wiki mbili.

Kipo kitu kimoja ambacho hakihitaji ukumbi wa upasuaji. Misuli ya miguu inapojikaza huikamua mishipa na kuirudisha damu juu, kazi ambayo kwa mtu asiye na pampu ya mapafu ina thamani kubwa kuliko kwa mwingine yeyote. Utafiti mdogo uliofanyika Sydney na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watu wazima wa Fontan waliofanya mazoezi ya kuimarisha misuli waliongeza uwezo wa moyo kupeleka damu mwilini. Wazazi wengi, kwa upendo, huwakataza watoto hawa kutembea na kucheza. Daktari wao akishawapima na kuruhusu, kuwazuia huko huwanyima msaada.

Serikali ya Uganda imeamua kuijengea taasisi ya moyo hospitali yake yenyewe Naguru, mashariki mwa jiji, kwa fedha za mikopo kutoka nje. Vyumba vya upasuaji vitaongezeka, na vitanda pia. Lakini kwa mtoto wa waridi anayetibiwa nimonia kwa mara ya tatu, saa inaanza kuhesabu siku anapozaliwa, na kifaa kinachoweza kuisikia mapema si cha Naguru. Ni klipu ndogo inayobanwa kwenye mguu wa mtoto mchanga na kusoma oksijeni kwa dakika chache, kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Nayo haimnasi kila mtoto, kwa kuwa damu ya mtoto wa waridi huweza kuwa na oksijeni karibu na kiwango cha kawaida; hapo hubaki sikio la mkunga, hesabu ya pumzi kwa dakika, na mizani ya kliniki inayoonyesha mwezi hadi mwezi kwamba mtoto anayenyonya vizuri haongezeki uzito.